Mishale ya Boila

Mpaka leo sijui kama siku ile nilimtetea mjomba wangu au nilimwangusha. Nitaeleza ilivyokuwa, mwenye akili kunishinda aamue.

Uhuru ulikuwa umekaribia. Pale Changamwe, kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya nazi, injinia Mzungu alikuwa anafunga virago arudi kwao, na kabla hajaondoka ilibidi amwachie mtu boila, lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji mpaka mvuke uendeshe mashine zote. Sote tulijua ni nani. Mjomba, ndugu yake mamangu, alikuwa na miaka ishirini na mmoja mbele ya moto ule. Akisikiliza mlio tu alijua mvuke umefika wapi kabla sindano ya geji haijasema. Mie nilikuwa upande wa kupakia makopo, na mtu akianza kumsema vibaya mjomba mbele yangu, hamalizi.

Basi injinia akaja na lake. Alibandika ukutani karatasi yenye visanduku vitano, vimezunguka kama watu wanaokula sinia moja, kila kimoja na hatua moja ya kuwasha boila, kwa Kiswahili, na baina yavyo vishale vidogo. Akasema nyapara wa boila kazi yake ni kufunza wengine, na atafunza kwa mchoro huu. Atakayeweza kuupanga na kuuchora mwenyewe ndiye atakayeachiwa boila.

Sikuogopa hata kidogo. Mie shule sikwenda, lakini herufi za Kizungu nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia mkate, na Kiingereza nilikiokota kwa makarani, kipande leo kipande kesho. Nikanakili mchoro ule, na Jumapili baada ya adhuhuri nikampelekea mjomba nyumbani, tukakaa uani kwenye jamvi.

Mjomba alisoma herufi za Kiarabu kama maji. Za Kizungu alizisoma polepole, kwa kidole. Akazungusha kidole karatasi nzima, akaniangalia.

"Hii kaandika nani?"

"Injinia. Mie nimenakili tu."

"Basi ataka kutuua kabla hajapanda meli."

"Kwa nini, mjomba?"

"Hapa yasema tazama kioo cha kupimia maji. Haya. Halafu fungulia mvuke. Mvuke gani, na moto hujawasha? Halafu ngoja geji. Halafu washa moto. Halafu ndo watia maji! Maji baridi kwenye chuma kilichoshika moto? Paa la kiwanda mtaliokota Mikindani!"

Nikamwambia amezunguka kinyume. Akaniambia sina adabu. Nikamwambia nimechora kwa mkono wangu, wallahi naijua. Akaniambia boila hiyo kaiwasha yeye nami bado nanyonya. Tulipiga kelele mpaka mkaza mjomba akaacha nazi aliyokuwa akikuna, akaja kuinama juu ya karatasi. Yeye herufi za Kizungu hakuzijua hata moja.

"Nyie mwagombania nini? Si kuku wapita huku, wazunguka hivi, warudi hapa?" Kidole chake kikafuata njia ileile ya mjomba.

"Kuku gani?"

"Hawa! Nyayo hizi si za kuku?"

Nikatazama. Na kweli. Vijiti vitatu vimekutana mahali pamoja. Kuku akikanyaga mchanga, vidole vitatu hutangulia mbele vimetawanyika, navyo hukutana nyuma, kisiginoni. Pale nilipoona mie ni ncha, pa kwendea, wao waliona kisigino, kuku alikotoka.

"Huu mshale, mjomba! Ncha yaonyesha unakokwenda."

"Mshale ukipita hauachi alama chini. Mguu waacha. Mtu akitaka kuonyesha njia, atachora kinachoruka juu, au kinachokanyaga?"

Nikaigeuza karatasi juu chini, nitafute la kusema. Mie, ambaye wenzangu hunipa sigara ninyamaze.

Wiki nzima tukawa twasoma saa ya chakula. Leo asema, "Haya, ncha ndo mbele." Kesho aniuliza, "Ncha ni ipi vile?" Na mie mwenyewe nikaanza kupotea. Kiwandani palikuwa na kibao chenye mshale wa kwenda chooni. Nilisimama mbele yake, kuku aenda, kuku arudi, mpaka askari wa lango akaniuliza kama naumwa.

Siku ya mtihani nikaitwa nitafsiri. Injinia alimpa mjomba vipande vitano vya kadibodi vyenye maneno, na chaki. Mjomba akavipanga sakafuni sawasawa, bila kufikiri: tazama kioo, tia maji, washa moto, ngoja geji, fungulia mvuke. Kisha akashika chaki. Mshale wa kwanza akauchora kwa njia yangu. Wa pili kwa njia yake. Akasita, akaniangalia. Nikamwashiria kwa kidevu ule wa kwanza, kwamba ule ndio. Akadhani nasema ule ndio mbovu, akaufuta. Akaugeuza. Akamaliza yote mitano, kuku watupu.

Injinia akasema kwa Kiingereza, mtu huyu atalipua kiwanda.

Hilo sikulitafsiri. Nilimweleza injinia habari ya kuku, naye akadhani namfanyia mzaha. Nikamwambia, boila ile pale, mwambie aiwashe! Akasema kuwasha najua anajua, nataka wa kufunza. Akachukua chaki akanipa mie. Nikadhani nikimwonyesha ataona mjomba amekosa kidogo tu. Nikachora mishale mitano kwa pumzi moja. Injinia akanishika bega, akasema kazi ni yako.

Nikaitupa chaki ukutani. Maneno niliyomwambia, mengine sikujua kama nayajua kwa Kiingereza. Nilimwambia boila ile sijaiwasha hata siku moja, na mahali pa mjomba sikai. Akaandika kitu kwenye daftari lake, akatoka.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, mjomba kando yangu. Njiani akauliza, "Alikwambia nini alipokushika bega?"

Nikamweleza. "Nimemkatalia, mjomba. Nimemkatalia mbele ya macho yake!"

Akasimama katikati ya njia. "Nani kakutuma?"

"Mjomba, ningekuwa mkubwa wako!"

"Ungekuwa mpwa wangu mwenye karatasi. We ushike karatasi, mie nishike moto, jambo lingebaki kwetu. Sasa ataletwa mtu tusiyemjua kwao wala kwake."

Na kweli akaletwa, kijana wa bara, ana vyeti. Nilimngoja aanze ujeuri nimwonyeshe. Asubuhi ya kwanza akamwamkia mjomba shikamoo, akamwomba amwonyeshe kazi, na mjomba akamwita mwanangu. Mie nilikuwa nimesimama mlangoni, ngumi nimekunja, simjui wa kumpiga.