Amri ya Kumfungia Mzee wa Mtinko

Moyo ulinidunda kwa furaha njia nzima hadi Mtinko. Nilikuwa dalali mpya wa mahakama, na hii ndiyo amri yangu ya kwanza. Baraza la madaktari wa mifugo lilishamkataza mzee mmoja kutibu ng'ombe na kujiita daktari, kwa kuwa hana leseni. Akawapuuza, nao wakaenda mahakamani.

Nilimkuta dukani kwake, wafugaji wamemzunguka. Alitutibia ng'ombe nyumbani tangu nikiwa mdogo, basi nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akanisogezea kiti. Nilikataa kukaa. Nikasoma amri yote kwa sauti kubwa, nikapiga kufuli mlangoni, nikabandika karatasi yenye muhuri. Mzee akatia saini kwamba ameipokea.

Nilijiona mkubwa kweli. Nikampa mkono mbele ya watu wote, nikamwambia:

"Asante sana, daktari."