Wa Nne kwenye Orodha

Meneja alitaka majina matatu. Si manne, si mawili. Aliniambia hivyo Alhamisi jioni akiwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Kesho kabla ya saa sita niletee wale watatu wanaokula intaneti ya ofisi kuliko wengine wote. Barua za kuwataka wajieleze zitoke kesho hiyo hiyo. Kamati inakaa saa tisa."

Nikamjibu sawa, ingawa mmoja wa hao watatu nilimjua vizuri sana. Alikuwa mimi.

Ofisi yetu ilikuwa ya chama cha ushirika cha wakulima wa maembe, pale mjini Wote, vyumba vitano na choo kimoja ambacho kila mtu alikuwa na maoni yake juu yake. Mimi nilikuwa karani wa kumbukumbu, na kwa vile ndiye pekee niliyejua kuitoa karatasi iliyokwama kwenye printa, wakanifanya pia mtu wa kompyuta. Miezi mitatu kabla ya hapo, meneja alinunua programu ya kuchunga mashine zote. Iliandika kila ukurasa uliofunguliwa, kila neno lililotafutwa na kila dakika uliyokaa hapo. Niliiweka mwenyewe, na mwenyewe ndiye niliyejua kuifungua. Ungedhani mtu kama huyo angejichunga. Wapi.

Ugonjwa wangu ulikuwa ramani za nyumba. Sikuwa na kiwanja, sikuwa hata na mpango wa kiwanja, lakini kila baada ya chai ya saa nne nilikuwa naangalia nyumba za vyumba vitatu zenye paa la kufichwa, jikoni kuna dirisha kubwa, sebule ina ngazi mbili za kushuka. Nilishapanga na mahali pa kuweka viti. Nilikuwa najiambia ni dakika kumi tu. Alhamisi hiyo, wenzangu walipoondoka, nilifungua ile programu nikaona dakika zangu kumi zimefika jumla ya saa kumi na moja kwa wiki.

Wa kwanza alikuwa mzee wa stoo, na mahubiri yake ya kutazama. Wa pili mimi. Wa tatu kijana wa mashambani aliyekuwa anatafuta mchumba kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha kazini. Wa nne sikumwangalia. Sikuwa na haja naye.

Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata. Nyumbani Kitui nilikuwa na mtoto wa darasa la sita na mama mwenye magoti mabovu, na wote wawili walikuwa wananitegemea mimi. Barua ya kujieleza wakati kama huo ilikuwa ni kumwaga unga tu, kupoteza kazi. Kwa hiyo nilifanya nilichofanya, na sitajipamba hapa. Nilishika mstari wenye jina langu nikaufuta. Orodha ikajipanga upya yenyewe, wa tatu akawa wa pili, wa nne akapanda akawa wa tatu. Nikachapa, nikazima taa.

Asubuhi ndipo nilipolisoma lile jina la tatu. Lilikuwa la sekretari wetu.

Nilimwita Mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu Ukambani, ingawa ofisini wengine walimwita Mama tu. Alikuwa ametoka Kikima, na kila Jumatatu alituletea maparachichi kwenye kikapu, hata meneja alikuwa na lake. Alijifunza kuchapa kwa taipureta, akiandika bila kuangalia vidole, na alijua kwa kichwa namba ya kila mkulima. Nilipoingia pale sijui kitu, ni yeye aliyenifundisha kukunja barua, kupiga muhuri, na kutanguliza tarehe kabla ya neno lolote. "Barua bila tarehe ni uvumi," alikuwa ananiambia. Alikuwa amebakisha miezi minane kustaafu.

Nilisita kidogo tu. Nikajiambia hakuna wa kumgusa Mwaitu, wataona jina lake wacheke, yaishe. Nikaipeleka karatasi.

Meneja hakucheka. Aliisoma mara mbili, akaondoa miwani. "Hata yeye?"

"Ndivyo mashine inavyosema."

"Basi." Akavuta kalamu akaandika maneno ya barua kwa mkono, na chini yake majina matatu. "Kamati imekuwa ikiniuliza kwa nini barua siku hizi zinachelewa. Sasa nina jibu. Wakiona alikuwa anacheza, watamtuma nyumbani kabla ya Krismasi, na sitaweza kumtetea." Akanipa karatasi. "Mpelekee achape zote tatu. Halafu wewe unichapie kurasa zao, kila mtu alitafuta nini, niambatanishe. Saa nane ziwe hapa."

Sheria ya ofisi yetu ilikuwa hiyo: hakuna barua inayotoka bila kupitia kwa sekretari. Hakuna aliyefikiria itakuwaje siku barua ikiwa yake mwenyewe.

Nikamwekea mezani. Aliisoma polepole kidole kikifuata mistari, mpaka chini. Alipofika kwa jina lake kidole kikasimama. Nilingoja aniulize.

"Sawa," akasema, akavuta kiti.

Nikarudi kwenye meza yangu. Kutoka hapo nilikuwa namwona mgongo kupitia mlango uliokuwa wazi, sweta yake ya kijani na bega moja limepanda. Ilikuwa saa tano na nusu. Nikafungua kurasa zake ili nizichape, na nakiri nilikuwa na hamu ya kuona. Nilidhani nitakuta mapishi, au nyimbo za kanisani.

Nilikuta hivi: leo ni tarehe ngapi. Halafu jinsi ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta. Leo ni siku gani. Namna ya kuchapa pande mbili. Kumbukumbu za mkutano huanza vipi. Leo ni tarehe ngapi. Jinsi ya kuandika barua ya mwaliko. Kusahau ukiwa na miaka hamsini na tisa. Jinsi ya kuhifadhi barua kwenye kompyuta. Leo ni tarehe ngapi.

Kurasa na kurasa. Hakukuwa na mchezo hata mmoja. Mwanamke huyu alikuwa anajifunza kazi yake upya kila asubuhi, kazi aliyonifundisha mimi, na ile programu ilikuwa inamhesabia kama mvivu.

Nikarudi nyuma kutafuta ilipoanzia. Mwezi mzima wa kwanza hakukuwa na kitu, alikuwa hafungui intaneti kabisa. Kisha Jumanne moja, saa mbili na dakika tano asubuhi, swali la kwanza: leo ni tarehe ngapi.

Jumanne hiyo niliikumbuka, au tuseme niliikumbuka Jumatatu yake. Kwa wiki nzima Mwaitu alikuwa ananiuliza tarehe. Ananiuliza saa mbili, ananiuliza saa tatu, anarudi tena. Mimi mdomo wangu hauna breki, na siku hiyo printa ilikuwa imenisumbua. Nikamfokea mbele ya wakulima wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi: "Kalenda si iko hapo ukutani? Mimi ni redio?" Wakulima wakacheka. Yeye naye akacheka kidogo, akasema pole mwanangu, akarudi mezani kwake. Sikuwahi kumsikia akiniuliza tena. Nilikuwa nimefurahi kwamba ameacha.

Saa sita kasorobo. Kwenye skrini yangu mstari mpya ukatokea, kutoka mashine yake, wakati huo huo: jinsi ya kuandika barua ya kujieleza. Nikainua macho. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, havigusi. Ukapita muda. Mstari mwingine: jinsi ya kuandika barua ya kujieleza. Maneno yote alikuwa ameshaandikiwa na meneja kwenye karatasi iliyokuwa karibu na mkono wake wa kushoto. Alikuwa amesahau kwamba ipo.

Ningeweza kumfuta naye. Lakini meneja alishaona jina, na angetaka kujua limekwenda wapi. Ningeweza kuzibadilisha zile kurasa, kumwekea mapishi badala ya aliyoyatafuta, na ningekuwa nimemfukuzisha kwa uongo badala ya ukweli. Kuzipeleka kama zilivyo ilikuwa kuwasomea wazee tisa wa kamati kitu ambacho mama wa watu huenda alikuwa amekificha hata nyumbani kwake. Nilikaa pale nimeshika kichwa, kichwani mwangu nikimwona mtoto wangu na sare yake. Niliogopa, sitadanganya. Nilikaa mpaka saa saba na robo, chakula sikula.

Halafu nikachapa kurasa zangu mwenyewe, vyumba vitatu paa la kufichwa, zile saa kumi na moja za wiki, nikabisha kwa meneja.

"Ile orodha niliiharibu," nikamwambia. "Wa pili ni mimi. Nilijifuta."

Akavua miwani. "Kwa hiyo ulinidanganya, halafu ukamweka mama wa watu mahali pako."

"Ndiyo."

"Unajua mkataba wako uko wapi?" Akagonga droo kwa kidole. "Uko hapa. Nilikuwa niusaini leo."

Nikaitazama droo.

Akanyoosha mkono. "Lete zako. Na kurasa za Mama ziko wapi?"

Zilikuwa mezani kwangu, zimefunikwa na faili. Sikuenda kuzileta. "Yeye ni wa nne. Ulitaka watatu."

Hapo ndipo nilipodhani nimekwisha. Kisha akaichukua ile orodha ya kwanza, akaikunja mara mbili, akaitupa kwenye ndoo ya takataka. "Nenda umwambie abadilishe jina," akasema, akarudisha miwani usoni.

Barua ya Mwaitu ilikuwa tayari imechapwa, iko kwenye trei, imekunjwa vizuri vile alivyonifundisha. Nikaichukua. Kwenye karatasi ya meneja nikakata jina lake nikaandika langu.

"Nilikosea kuhesabu, Mwaitu. Ilikuwa mimi, si wewe."

Akalitazama jina langu, akanitazama mimi. "Wewe? Ulikuwa unaangalia nini?"

"Nyumba."

"Nyumba za nani?"

"Za hakuna mtu," nikasema. Akatikisa kichwa, akageukia kibodi, na safari hii karatasi ya meneja nilikuwa nimeiegemeza kwenye skrini, mahali ambapo hangeweza kuikosa.

Ile barua yake ninayo hadi leo. Haina kosa hata moja isipokuwa tarehe. Aliandika Machi, na tulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Saa nane kasoro dakika tano akaniletea yangu. Nikasaini kuwa nimeipokea. Akabaki amesimama mbele yangu, mikono imekunjwa kifuani. "Wewe msichana, nilikufundisha kazi ili uje uichezee? Mama yako ana magoti mabovu. Ukifukuzwa atakula nini?" Nikainamisha kichwa nikasema pole. Alienda zake. Baada ya robo saa akarudi, akaiona nakala ya barua mezani kwangu, akaichukua akaisoma kama hajawahi kuiona, na macho yakamjaa machozi. "Wewe msichana," akaanza, "nilikufundisha kazi ili uje uichezee?" Nikamsikiliza yote tangu mwanzo. Nikasema pole tena, na nilimaanisha zaidi ya mara ya kwanza.

Kamati ilinipa onyo la mwisho na mkataba wa miezi mitatu badala ya miaka miwili. Nikaifanya hiyo mitatu, nikaongezwa mingine, kwa shingo upande. Kila asubuhi saa mbili kamili nilipita mezani kwa Mwaitu, nikamwambia tarehe kabla hajauliza, kama mtu anayesalimia. Barua zake nilizipitia kabla hazijaenda kwa meneja. Binti yake nilimwambia mwenyewe, siku alipokuja kumchukua, na tulilia wawili nyuma ya stoo ya kreti. Mwezi wa saba Mwaitu alistaafu, akakatiwa keki na kupewa leso.

Lakini Jumatatu ile baada ya kamati, nilifungua programu kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Ijumaa mchana, wakati mimi nimekaa kwenye benchi nikingoja kuitwa na wale wazee, mashine ya Mwaitu ilikuwa inafanya kazi. Saa tisa na dakika nne: jinsi ya kuandika barua ya kumwombea mtu msamaha kazini. Saa tisa na dakika kumi na mbili: jinsi ya kuandika barua ya kumwombea mtu msamaha kazini. Saa tisa na ishirini, maneno yale yale. Na saa tisa na nusu. Aliuliza mara saba, mpaka saa kumi na nusu, ofisi ilipofungwa. Nilitafuta kwenye kompyuta yake faili kwa faili, nikatafuta kwenye trei na kwenye droo. Niliipata karatasi moja tu. Ilikuwa tupu, isipokuwa jina langu juu, na tarehe.