Wakija na Makoti

Watu wanadhani ofisa mstaafu wa jeshi haogopi kitu. Waongo hao. Mimi nilikuwa naogopa makoti, na nilikuwa naogopa hasa.

Ngoja nieleze kabla hamjanicheka. Tulipomaliza chuo cha maofisa, vijana wa mlima huu tuliokuwa kozi moja tuliapa kwamba hatutapoteana. Na kweli miaka ikapita, tukaoa, tukazaa, tukastaafu, tukaota vitambi, bado tunatafutana. Mmoja alirudi kwao Mkuu, Rombo, akaingia kwenye biashara ya mahindi. Mwingine, biashara zilipofunguliwa kila mtu auze anachotaka, alifungua duka la mabati na saruji Moshi mjini, akaanza kujiona tajiri. Wa tatu alishuka tambarare, Mabogini, kulima mpunga, na sisi wa huku juu tukamwambia amekwenda kulisha mbu. Mimi nilibaki Masama na kahawa ya marehemu baba, ambayo wakati huo bei yake ilikuwa ya kutia hasira. Nilishang'oa nusu ya mibuni nikapanda nyanya, na wa Mabogini alikuwa hanionei huruma. Kila akizitazama nyanya zangu anacheka mpaka anashika mbavu.

Mmoja wetu akija kumsalimu mwenzake, alikuja na shati lake la kawaida, honi inalia tangu barabarani, na matusi juu: "Kuruta! Bado umelala?" Hapo unajua mambo ni heri. Mke anaweka ndizi jikoni, mimi natafuta pombe ya mbege.

Lakini kulikuwa na kuja kwa namna nyingine. Mwenzetu mmoja alifia kazini, mbali, na mama yake akazisikia habari sokoni kutoka kwa mwanamke aliyempa pole akidhani ameshaambiwa. Yule mama alianguka pale pale katikati ya mikungu ya ndizi. Tulimzika mwenzetu kwa hasira. Siku ile ile tukaweka sheria: habari ya msiba wa watu wetu haitaokotwa sokoni tena. Wataipeleka wawili wetu, wamevaa makoti na tai, wataingia kwa miguu bila honi, na wataisema wakiwa wamesimama. Huketi, hunywi hata maji, kabla hujasema. Akifa mmoja wetu, anayesema kwa mkewe ni yule aliyelala naye kitanda cha jirani chuoni. Akifa mtoto wa mmoja wetu, waende wawili wowote.

Kila mmoja akanunua koti mtumbani. Langu lilikuwa jeusi, mikono mirefu kupita yangu. Nilikwisha kulivaa kwenda kwa watu, na ninajua uso wa mtu unavyokuwa akikuona nalo unaingia getini. Wake zetu nao waliijua sheria. Walituomba tuache, tukakataa, maana tulijiona watu wa heshima sana.

Sasa, mwanangu wa kwanza naye alikuwa ameingia jeshini. Mwaka ule walikuwa wamempeleka nje, kulinda amani ya watu wasioitaka. Kila jioni redio inaitaja nchi ile, na kila ikiitaja mke wangu anasimama wima kama ameitwa yeye. Nilimwambia aache kusikiliza. Akaniambia, "Anza wewe." Basi tukawa tunasikiliza wote wawili, hakuna anayemtazama mwenzake.

Asubuhi moja, mvua imenyesha siku nzima iliyotangulia, nilikuwa juu ya kihamba, shamba letu la nyumbani, nakata majani makavu ya migomba. Kutoka pale unaona ng'ambo ya korongo mpaka darajani. Nikaona pikapu ya wa mjini inasimama. Nikangoja honi. Kimya. Milango ikafunguka, wakashuka wawili, wa mjini na wa Rombo. Wamevaa makoti, na tai.

Yelewi!

Panga lilinitoka mkononi. Nilijaribu kujidanganya, nikashindwa. Wangekuwa wamefiwa wao, wasingekuja kwangu wamevaa hivyo. Wa Mabogini nilikuwa naye kanisani Jumapili, mzima wa afya, ananitania. Na makoti huenda kwa wafiwa. Mfiwa pale ni nani kama si mimi? Wale watu walikuwa wanapanda kilima kuja kuniambia kuhusu mwanangu.

Nikakimbia. Ndiyo, nilikimbia, mtu mzima mwenye cheo, nikaruka mfereji, nikaingia kwenye migomba ya jirani, nikachuchumaa nyuma ya banda la mbuzi. Nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: wasiponiona hawawezi kusema, na wasiposema, mtoto yu hai. Sikuona aibu, na wala sioni leo. Mbuzi walinitazama. Mdomo wangu ukawa unasema jina la mwanangu wenyewe tu, bila mimi kuuamuru.

Ndipo nikakumbuka kwamba mke wangu yuko nyumbani, peke yake.

Mungu anisamehe, nilirudi mbio kuliko nilivyokwenda. Niliteleza kwenye tope, nikaamka, nikateleza tena. Nilipotokea nyuma ya jiko wao walikuwa wameshafika uani. Mke wangu amesimama mlangoni, kanga imelowa maji ya vyombo, na alikuwa ameshawaona walivyovaa.

"Karibuni, shemeji zangu," alisema. Sauti haikuwa yake. "Kaeni."

Akaburuta benchi mwenyewe, akaliweka mbele yao. Hawakukaa.

"Nimesema kaeni! Chai ipo. Mtakunywa chai."

"Shemeji, tuna haraka," wa mjini akasema. "Mzee yuko wapi?"

"Kaeni kwanza!" Sasa alikuwa anapiga kelele, ameshika bega la wa Rombo anamkandamiza chini kama unavyomkalisha mtoto. Jitu lile lina mwili wa gunia, halikushuka. Mke wangu alijua sheria yetu kutuzidi sisi tulioitunga. Akikaa mtu, hakuna msiba.

Nilikwenda nikasimama kando yake. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi. Nikawaambia wale wenzangu, "Semeni." Kumbe sikutoa sauti. Nikarudia.

Wa Rombo alimtazama mke wangu, akanitazama mimi na tope langu, akajitazama yeye mwenyewe kifuani. Nikaona uso unambadilika.

"Yesu wangu, makoti!" akasema. Akaanza kulivua lake kwa fujo, mkono umekwama, anapayuka, "Si mtoto! Shemeji, si mtoto! Mtoto hatuna habari naye yoyote! Jamani, tumevaa kabisa kwa sababu ya kule tunakokwenda, hatukufikiri, pikapu imekwama tope pale darajani, hatukufikiri kabisa!"

"Asante Yesu!" mke wangu alipiga yowe. "Asante Yesu! Asante!" Akaruka, nawaambia, mama mzima aliruka na kupiga makofi, na mimi nikajikuta nacheka, machozi yananitoka, nimemkumbatia wa Rombo na koti lake nusu.

Wao hawakucheka.

"Nani basi?" nikauliza.

"Wa Mabogini," akasema wa mjini. "Alikuja dukani kwangu leo asubuhi kutafuta mpira wa pampu. Ameegemea kaunta, ananichokoza kuhusu bei, akasema kifua kinabana. Basi. Huyu alikuwa pale, ameleta mahindi mjini, tumemfikisha hospitali ameshakata roho. Mkewe hajui. Wewe ndiye ulikuwa kitanda cha jirani."

Mke wangu alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akaketi kwenye lile benchi. Nilidhani atalia, hakulia, alikuwa anatikisa kichwa tu. Baadaye akasema polepole, "Nimemshukuru Mungu. Mume wa mwenzangu amekufa, mimi nimeruka nikamshukuru Mungu."

Wa Rombo akalivaa koti lake tena. 

Mimi nilinawa tope, nikavaa koti. Moyoni nilikuwa sijui nianzie wapi. Mtu niliyelala naye ubavu kwa ubavu, niliyemsikia akilia chini ya blanketi wiki ya kwanza ya ukuruta na asubuhi akaniapisha nisiseme, alikuwa chumba cha maiti, na mimi bado nilikuwa na furaha ndani yangu inayokataa kutoka. Niliichukia furaha ile. Nilijaribu kuhuzunika nikashindwa, kwa sababu mwanangu alikuwa hai.

Nilipotoka ndani nilimkuta mke wangu amejifunga kitenge, amevaa viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda na nyie."

"Wanawake hawaendi. Unajua."

"Nimwache mwenzangu aambiwe na wanaume watatu waliosimama kama milingoti? Baada ya nilichosema hapa? Nakwenda. Kama hamnitaki nitatembea."

Ubishi wa mke wangu naufahamu. Wa mjini akasema tusipoteze muda, mjini watu walishaona, habari itatutangulia. Tukaisukuma pikapu mpaka ikatoka topeni, tukashuka.  Mimi nilikuwa napanga maneno, nayapangua, na woga ukaanza kurudi, safari hii wa aina nyingine. Nilijua nyumba ile. Mkewe hukaa nje chini ya paa la ghala, anapepeta mpunga, na anaona njia yote. Atatuona mapema, nikawaza. Ataona makoti, atajua, atakuwa ameshaanza kupiga yowe kabla sijafungua mdomo. Nikaona nafuu kidogo kwamba kazi ngumu itafanywa na makoti.

Gari tuliliacha kwenye tuta la kwanza, tukaingia kwa miguu katikati ya majaruba ya mpunga. Alikuwa pale pale, na ungo mkononi. Alituona. Akasimama ghafla, ungo ukabaki hewani, nami nikajua ameona makoti. 

Kisha akamwona mke wangu nyuma yetu. Miaka yote ile, makoti hayajawahi kwenda mahali na mwanamke.

Uso wote ukamfunguka. Akaweka ungo chini, akaja anakimbia juu ya tuta, anajifuta mikono, anacheka kwa sauti.

"Nyie wazee mlinitisha! Na hayo makoti yenu! Kumbe mmeleta na mama! Karibuni, karibuni jamani. Mwenyeji wenu ameshuka mjini mara moja, anarudi sasa hivi. Leo mnakula mchele mpya."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, bado ina vumbi la mpunga. "Shikamoo shemeji. Mbona umesimama? Njoo ukae."