Uso Wangu Kwenye Matope ya Jehanamu

Mpangaji wangu wa chumba cha uani alikuwa Mkongomani, Mkristo, kinyozi wa Isipingo, kusini mwa Durban. Jioni alichora. Miaka ile ya mwisho ya tisini alikuwa akichonga picha za utenzi wa kale wa Wazungu, wa mtu aliyeshushwa Jehanamu akiwa hai na kutembezwa tabaka kwa tabaka. Alichonga kwenye vipande vya lino, lile zulia gumu la sakafuni, akavipaka wino mweusi kwa rola, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Kijiko nilimpa mimi, nipate sababu ya kwenda kukaa naye. Mke wangu alikuwa amefariki, watoto wamehama, na hapakuwa na mwingine wa kuniamkia.

Siku moja nikajiona. Kati ya watu waliozama matopeni, wale walioishi duniani wamenuna, mmoja alikuwa na pua yangu, ndevu zangu na kofia yangu ya msikitini.

"Umenitia motoni?"

"Papa, pale hakuna moto. Iko matope tu." Papa kwao ni baba; ndivyo alivyoniita. Akacheka. "Na kununa, unanunaga kweli."

Sikucheka. Nikamwambia anitoe.

Akanieleza kwamba lino likishachongwa halirudi. Panapochongwa hutoka peupe. Hawezi kunibadilisha, anaweza kunifuta tu.

"Futa."

Akaukwangua uso wote kwa patasi, mimi nimesimama. Akapaka wino upya, na karatasi ilipobanduliwa, palikuwa na tundu jeupe, na kofia juu yake. Jirani aliyekuwa ameegemea mlango akaangua kicheko: "Eish, mzee, umetoroka Jehanamu ukasahau kofia!"

Mpangaji alikuwa akifuta mikono. "Sikutaka kukutukana, papa. Hapa Durban, sura naonaga kila siku ni yako tu."

Ningeweza kumwomba radhi palepale. Niliingia ndani nikafunga mlango, na kwa majuma kadhaa nikawa naitikia salamu zake kwa kichwa. Mwisho wa mwezi akahamia Queensburgh, upande mwingine wa jiji.

Nilimfuata, nimechelewa. Alinipa kiti, akanipa chai. Nikamwambia chumba bado kiko wazi.

"Asante, papa," akasema kwa upole, akaendelea kuchonga.

Picha mpya zilikuwa zimetandazwa mezani, zimejaa watu. Nilizipitia uso kwa uso, chai ikipoa. Sikuwamo.