Kesi Yetu Haikupanda Ndege

Nilipanda kwenda Newala kwa sababu ya jibu la dharau. Kikundi chetu cha akina mama hapa Masasi kiliuziwa mashine ya kubangulia korosho na tawi la kampuni ya kigeni lililoko Newala. Badala ya kupasua ganda, mashine ikawa inaponda punje, nasi tukarudi kubangua kwa mkono, mafuta ya maganda yakitubabua vidole. Tuliposhtaki, kampuni iliweka pingamizi: makao yake makuu yako ng'ambo, kwa hiyo mahakama ya Newala haina mamlaka, na mwenye shida akashtaki hukohuko. Hukohuko wapi? Mimi hata Dodoma sijafika!

Asubuhi tuliondoka Masasi kwa pikapu ya shemeji, mimi na wakili wetu, Bi Fatuma. Milima ya mawe ikabaki nyuma, mikorosho ikatusindikiza pande zote, kisha gari likaanza kuhema kuupanda uwanda wa Makonde. Nikamuuliza wakili kama tutashinda.

"Mama Rehema, kampuni hushtakiwa pale inapofanya biashara," alisema. "Cheti cha usajili wa tawi ninacho. Lakini wao wanadai ofisi ile ni ya muda, ya kugawa vipeperushi tu. Hakimu anataka kusikia ushahidi."

Niliogopa, nasema kweli.

Newala tulifikia kwa wifi yangu, Mama Salumu. Salamu zilipokwisha, akanitengea maji ya kuoga, nusu ndoo.

"Wifi, haya ni ya kuoga au ya kunawa?"

"Nyie wa Masasi mmezoea kuchezea maji," akanitania. "Kama hayatoshi, nenda kaombe kwa hao unaowashtaki. Wamechimba tangi la kuvunia mvua, kubwa kuliko la msikiti wetu."

Nikaiacha ndoo palepale. Newala maji ni ya shida, na kila mtu anajua kwamba mpangaji wa muda hununua maji ya ndoo. Anayechimba tangi ameamua kukaa. Nikamfuata Bi Fatuma barazani, nikamweleza. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Masasi.

Kesho yake mahakamani, meneja wa tawi aliapa, akarudia yaleyale ya ofisi ya muda. Bi Fatuma akasimama.

"Maji mnapata wapi, bwana meneja?"

"Tuna tangi letu."

"Mlilichimba kwa ajili ya nani?"

"Mafundi wetu wanaishi pale. Na wateja pia wanakunywa."

"Wateja wa vipeperushi?"

"Wa mashine," alijibu, kisha akafumba mdomo, lakini maneno yalikwishatoka. Watu wa Newala wakaguna kwa pamoja, na karani akawataka watulie.

Mchana hakimu alisoma uamuzi. Tawi limesajiliwa nchini, mkataba ulifanyika Newala, mashine ilikabidhiwa Newala, na biashara inaendelea hapo siku zote, kama meneja mwenyewe alivyokiri. Pingamizi likatupwa, kesi itasikilizwa Newala. Wifi alipiga vigelegele mlangoni mpaka askari akamtoa nje, akaenda kuvimalizia barabarani. Mimi nililia kwa furaha, na sikujificha.

Jioni tuliporudi Masasi, wenzangu walikuwa wamejaa uani kwangu. Niliwaambia ukweli: mashine nzima bado hatujaipata, na kesi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Lakini nimejifunza kwamba anayekuja kufanya biashara mlangoni kwetu hawezi kutuambia malalamiko yetu tuyapeleke kwao.

"Sasa wakubwa wao wa ng'ambo?" aliuliza Mama Chiku, mkubwa wetu kwa umri.

"Wakitaka kujitetea, waje Newala."

Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akainua vidole vyake vilivyobabuka.

"Waambie wapande ndege mapema," alisema. "Sisi hatuna safari ya ng'ambo. Watatukuta tumeshakaa mahakamani."