Waifai ya Shemeji

Nianze kwa kusema kwamba mimi napenda majina ya kuchekesha, asije mtu akanisingizia kuwa sijui kucheka. Nimezaliwa Lugoba, kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila basi lina jina, kila kibanda cha chipsi kina jina, na mtu mwenye jina moja tu huonekana hakupendwa na wenzake. Kwa hiyo nilipoajiriwa mapokezi katika ofisi moja ya kupima viwanja hapa Bagamoyo, nikakuta vyumba vina majina na kompyuta zina majina, nilijiona nimefika nyumbani.

Kompyuta yangu iliitwa Bibi Harusi, kwa sababu ilichelewa kutoka ndani, na ilipotoka haikutaka kuguswa. Ile ya mchora ramani iliitwa Mjumbe, maana haikukuhudumia mpaka ikuulize wewe nani na umetoka wapi. Printa ilikuwa Mgomba: ikishazaa mara moja, basi. Chumba cha mkurugenzi kiliitwa Makete kwa baridi ya kiyoyozi chake, na chumba cha mikutano kiliitwa Kiwangwa, maana huko ndiko kwenye mananasi, na kila mteja aliyeingia mle alitoka amemenywa. Choo tulikiita Mizani. Hakuna aliyemaliza safari yake bila kusimama pale.

Karibu majina yote hayo yalitoka kwa mtu mmoja, dereva wetu, Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Mkwere na mume wangu alikuwa Mzaramo wa Kaole, kwa hiyo sote wawili tulikuwa watani wake halali, na hakutuonea huruma. Asubuhi aliniuliza kama nimeoga au nimejipaka tu nazi. Alinilia chakula changu mbele ya macho yangu akasema watumwa wake hawana haki ya kushiba. Mimi nami nilimwambia babu zake walitembea kwa miguu kutoka Tabora hadi hapa wakiwa wamebeba pembe za ndovu za watu wengine vichwani. Tulicheka. Hakuna aliyewahi kununa, kwa sababu mtani hanuniwi.

Mume wangu alikuwa fundi wa majokofu. Akimaliza kazi zake alikuja kunisubiri nje ya ofisi, akakaa barazani na simu yake, akivuta waifai yetu kutazama video za mafundi wa nchi za mbali wakifumua majokofu. Alikuwa anakaa pale mpaka nitoke, na mara nyingine nikitoka ananiambia nisubiri kidogo, video haijaisha. Siku moja dereva akaomba ruhusa kwa mchora ramani, ambaye ndiye aliyejua mambo ya kile kiboksi cha mtandao, wakabadilisha jina la waifai. Kuanzia siku hiyo, kila aliyefungua simu karibu na ofisi yetu aliona: Shemeji Toka Barazani.

Mume wangu alipolisoma alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake alikuja na mto wa kukalia.

Alifariki ghafla. Aliugua siku chache tu, na sitaki kueleza zaidi ya hapo.

Msiba ulikuwa Kaole, nyumbani kwa mama yake. Jeneza lilipotaka kutolewa, dereva alijilaza kizingitini akasema maiti haitoki nyumba hii mpaka arudishe bando la ofisi alilolimaliza. Watu wakambembeleza, akakataa. Akainuka, akavaa kofia ya mume wangu, akazunguka uani ameinua simu juu, anasogea hapa, anachuchumaa kule, anatafuta mtandao, na ule mwendo ulikuwa wa mume wangu mtupu. Mama mkwe wangu alicheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Nami nilicheka, kamasi na machozi vinanitoka pamoja. Kisha dereva akavua ile kofia, akaibusu, akamrudishia mama, na jeneza likapita.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima lieleweke, maana hasira yangu yote inasimama juu yake. Yule dereva alikuwa ameamka alfajiri kwenda makaburini na jembe. Mikono iliyoshika ile kofia ilikuwa na udongo wa kaburi. Aliteka maji ya kuoshea, alibeba kuni, na arobaini alikuja na mchele. Kwetu mtani anaruhusiwa kumcheka maiti kwa sababu ndiye anayemzika. Asiyeshika jembe hana ruhusa hiyo, hata awe bosi wa nani.

Mkurugenzi wetu alikuja msibani. Nasikia alifika kitenge cha jeneza kikiwa kinatandikwa, akasimama karibu na gari lake na miwani yake myeusi, akamtazama dereva akizunguka na simu, akaona mjane anacheka, akaondoka kabla ya kuzika kwa kuwa alikuwa na kikao Dar es Salaam. Hayo ndiyo aliyoyaona, na kwa akili yake yakamtosha.

Nilikaa eda. Nilipoimaliza nikarudi kazini, nimevaa baibui langu, nimejikaza. Wenzangu walinipokea vizuri, mchora ramani alikuwa amenifutia Bibi Harusi vumbi. Nikafungua simu, ikashindwa kujiunga. Nikatazama orodha ya mitandao ili nijue kulikoni. Palikuwa na ya nyumba ya wageni ya jirani, palikuwa na ya duka la dawa, na juu ya zote palikuwa na yetu, ina jina jipya: Mzimu wa Shemeji.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaizima simu, nikaiwasha tena.

Nilianza kwa dereva, nikidhani ni yeye. Alikuwa anaosha gari. Niliposema tu neno waifai aliweka kitambaa chini, akaniambia kwamba ni mkurugenzi, alibadilisha mwenyewe mimi nikiwa eda, na kwamba yeye alikwenda kumwomba aliondoe mara mbili. Mkurugenzi alimjibu kuwa haoni tofauti, mbona yeye dereva alimcheza marehemu mbele ya mama yake mzazi na watu wakafurahi? Dereva akajaribu kumweleza utani ni nini na wenyewe ni kina nani. Mkurugenzi akamwambia mambo ya makabila hayatakiwi ofisini.

Nikaingia Makete mwenyewe. Nilimwamkia, nikasimama, nikamwambia naomba lile jina liondolewe. Alishangaa kweli, na huo mshangao ndio ulionichoma zaidi.

"Dada, mimi nilifikiri ninyi familia yenu mnapenda utani," akasema. "Ile ni namna ya kumuenzi. Si mnaona bado yuko nasi?"

Nikamwambia mume wangu si mzimu. Akasema nisichukulie mambo kwa uzito, jina lenyewe wateja wanalipenda, linavunja ukimya, na nitazoea.

Nitazoea. Neno hilo nilitoka nalo mle ndani, nikakaa nalo mezani, nikalala nalo. Mtu anakuumiza, halafu anakupa na kazi ya kuzoea.

Na kazi yangu ilikuwa mapokezi. Mteja akifika anakaa, anasubiri, anauliza kama kuna waifai, na anayeulizwa ni mimi. Inaitwaje? Anayetakiwa kutaja ni mimi. Nilijitahidi kukwepa. Nilisema tazama ile yenye nguvu kuliko zote, nikaandika neno la siri kwenye karatasi nikampa. Lakini mtu akiliona jina kama lile hanyamazi, analisoma kwa sauti. Mara anacheka. Mara anauliza, shemeji gani huyo tena, alikufaje? Wengine waliniuliza mimi, mjane mwenyewe, kama ofisi hii ina mashetani. Nilijibu sijui. Nilimkana mume wangu mbele ya watu wanaotafuta viwanja, siku baada ya siku, ili nisilie kazini.

Mkurugenzi aliligundua hilo. Akaniita, akanikumbusha kwa upole kwamba mapokezi ni uso wa ofisi, na kwamba mteja akiuliza mtandao atajiwe jina lake lote, huku nikitabasamu. Upole ule nauchukia mpaka leo. Afadhali angenifokea.

Mtaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Kazi mnazijua zilivyo. Tena nilikuwa nimeshamchukua mama mkwe wangu akae nami mjini, kwa sababu macho yake yalikuwa yanafifia na Kaole alibaki peke yake. Yeye hakujua lolote kuhusu lile jina. Jambo moja tu nililokuwa nikiliomba, kila nilipofungua ofisi asubuhi, ni kwamba asije akalijua. Alikuwa amemzika mwanawe wa pekee. Mimi naweza kupata mume mwingine Mungu akipenda, yeye hana pa kupata mtoto mwingine.

Kliniki ya macho iko barabara ile ile ya ofisi. Siku ya miadi tulipatana anisubiri nyumbani nije kumchukua, lakini yeye ni mtu asiyependa kusumbua watu. Akajikongoja mwenyewe, akaingia ofisini na kanga zake mbili, akaamkiwa na wote, akakaa kwenye benchi la wageni. Nikamwambia namalizia barua moja tu, tutoke.

Kando yake alikuwa amekaa mteja, bwana wa makamo kutoka Dar, amekuja kwa ajili ya kiwanja. Akauliza kama kuna waifai.

Nikasema leo haipo.

Mlango wa Makete ulikuwa wazi. Mkurugenzi akatoka na kikombe chake cha chai, amefurahi, nadhani kwa sababu ya ukubwa wa kiwanja cha yule bwana. "Ipo, bwana. Dada yetu amesahau," akasema. "Tafuta Mzimu wa Shemeji."

Mteja akacheka. Akauliza ni shemeji gani. Na mkurugenzi, hakuna aliyemlazimisha, akaegemea meza yangu akaanza kusimulia. Kwamba huyu dada alikuwa na mume, fundi friji, mlevi wa mtandao, anashinda hapo nje na simu kama kuku anayeatamia. Kwamba alipokufa waifai ikawa inasumbua, nao wakajua ni yeye anaendelea kuvuta huko huko alipo. Alisimulia vizuri. Inaelekea alikuwa amesimulia mara nyingi.

Dereva alikuwa mlangoni na funguo mkononi, naye alikuwa anamtazama mama, hamtazami mkurugenzi.

Mama mkwe wangu aliinuka taratibu, akishika ukuta. Alisogea mpaka akawa karibu na mkurugenzi kabisa, kwa kuwa asingemwona kwa mbali.

"Baba, umesema yuko humu ndani?"

Mkurugenzi akamtazama, akanitazama mimi, na nikaona uso wake unavyoanza kubadilika. Akaweka kikombe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesema mwanangu yuko humu?"

"Ni jina tu, mama. La mtandao. Tunataniana."

"Nimesikia," akasema. "Basi mwite. Mwambie mama yake amekuja."

Hapakuwa na aliyecheka. Yule mteja aliifunga simu yake akaiweka mfukoni. Mkurugenzi alisema pole, akaisema tena, akasema hakujua, na mama akawa amesimama vile vile, ameinua uso wake kwake, anasubiri. Sijui mpaka leo kama alikuwa anamsuta au alikuwa anaomba kweli. Sikuwahi kumuuliza. Mkurugenzi alirudi nyuma mpaka akaingia chumbani mwake akafunga mlango, na mimi nikaacha barua katikati, nikachukua mkoba, nikamshika mama mkono.

Tulipofika nje hakutaka kwenda. Alisimama pale pale barazani, ukutani.

"Hebu fungua simu yako," akaniambia. "Nionyeshe alivyoandikwa."

Nikamwambia mama, twende, tutachelewa kwa daktari. Akasema yeye amechelewa vingi, hicho kimoja hakitamuua. Nikafungua simu. Orodha ikaja: nyumba ya wageni, duka la dawa, na juu yake yetu, ambayo sasa ilikuwa herufi na namba za kiwandani, zisizo na maana yoyote. Mkurugenzi alikuwa ameliondoa. Nilichokiomba miezi iliyopita na nikaambiwa nitazoea, alikifanya kwa muda wa sisi kuvuka mlango.

Mama alikuwa amesogeza uso wake karibu na kioo cha simu, anakodoa.

"Lipi ni lake?"

"Halipo, mama. Wamelitoa."

Aliuacha uso wake pale pale kwenye simu. Halafu akajifunga kanga yake vizuri kichwani.

"Wangeniachia nilione kwanza," akasema.