Kompyuta yenye saa ya Muscat

Jumamosi nilikuwa kwa fundi kompyuta Chang'ombe nikisubiri chaja yangu. Mama mmoja alikuwa ameleta kompyuta iwekwe diski mpya, maana ya zamani ilikuwa nzito kuwaka.

"Nikuwekee mfumo mpya kabisa, mama?" fundi akauliza. "Inakuwa nyepesi zaidi."

"Hapana. Hamisha vyote kama vilivyo."

Fundi akahamisha, akafunga diski mpya, akawasha. Kompyuta ikawaka palepale. Akatabasamu, kisha akainamia kioo. "Saa yako imetangulia kwa saa moja. Ngoja niirekebishe."

Mama akamshika mkono. "Iache. Binti yangu aliiweka hivyo siku anaondoka kwenda kazini Muscat. Ndiyo saa ya huko."

"Mbona hata simu inaonyesha saa za huko, mama?"

"Najua. Hii aliiweka yeye."

Fundi akaondoa kidole. Mama akaitazama ile saa, akasema taratibu, "Sasa hivi anawapakulia watu chakula cha mchana."

Wakati anamfungashia, fundi akaisifia tena kasi ya diski. Mama akaitikia kwa adabu tu. Nilivyomwona, kinachochelewa nyumbani kwake si kompyuta, ni binti kurudi.